Alama Upande wa Abiria

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Juni, mwaka jana, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa amelazwa hospitalini Homa Bay tangu Jumatatu kwa sababu ya presha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na themosi ya uji mkononi, muuguzi akaniomba nitoke nje kidogo. Nilitoka. Aliponiita tena uji ulikuwa bado wa moto.

Watu wakiniuliza, nasema nilifiwa na mke, nao hutikisa kichwa, na mazungumzo huishia hapo. Lakini nilimpoteza pia mtu aliyekuwa akikaa kushoto kwangu ndani ya gari, na mtu niliyekuwa nikizungumza naye Kiswahili. Hayo mawili hakuna anayeyauliza.

Mimi ni Mjaluo wa upande wa Migori. Yeye alikuwa Mkuria, kwao ni karibu na Kegonga. Tulipokutana sokoni Kehancha mimi sikujua Kikuria na yeye hakujua Dholuo, kwa hivyo tulianza na Kiswahili cha sokoni, kile cha kuuliza bei na kuomba kupunguziwa, na tukaendelea nacho. Baadaye alijifunza Dholuo vizuri kuliko mimi nilivyojifunza Kikuria, na watu wa kwetu walimpenda kwa hilo. Mlango ukishafungwa tulirudi kwenye Kiswahili. Tuligombana kwacho, tukapatana kwacho, tukalea watoto wawili kwacho, na sasa watoto hao ni watu wazima walioko Nairobi. Hakikuwa Kiswahili cha vitabu. Mimi niliishia darasa la nane na yeye aliacha kabla yangu. Hiki ninachoandika hapa nimekinyoosha. Chetu kilikuwa na maneno ya kwao na ya kwetu ndani yake, na mengine hayakuwa ya mtu yeyote. Aliniita Mjaluo, nami nilimwita Mkuria. Mtu asiyetujua angedhani tunatukanana.

Kazi yetu ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Tulinunua omena kavu Homa Bay, pale ziwani, tukapakia magunia kwenye gari letu dogo la mizigo, tukauza Migori, Kehancha na Kegonga. Tukirudi tulibeba mahindi au ndizi. Niliendesha mimi. Yeye hakutaka kujifunza. Alisema kwenye gari lazima abaki mtu mmoja mwenye nafasi ya kutazama nje.

Alama kwenye kioo cha mbele tuliipata barabara ya Masara. Tulikuwa tumepeleka omena kwa akina mama wanaowapikia wachimba dhahabu, na tulikuwa tunarudi mjini nyuma ya lori lililobeba mawe ya machimboni kwenda kusagwa. Vumbi lilikuwa jingi. Nikamwambia nataka kulipita lile lori.

"Lipite basi, Mjaluo. Au unangoja likuandikie barua?"

Nilipolikaribia, jiwe liliruka kutoka nyuma ya lori, likagonga kioo upande wake. Mlio wake ulikuwa kama wa kofi. Alifunga macho na kuinua mikono yote miwili. Kisha akafungua jicho moja.

"Simama."

Nilidhani ameumia. Nikatoa gari kando ya barabara na kumshika bega.

"Wapi? Limekupata wapi?"

"Halijanipata. Niache nishuke nitafute hiyo jiwe. Hiyo lori ni ya dhahabu."

Akashuka kweli. Nilimtazama kwenye kioo cha pembeni akitembea katikati ya barabara ameinama, leso ameikunja mpaka magotini, bodaboda wanampigia honi naye anawafukuza kwa mkono kama kuku. Alirudi na kokoto ya kijivu, ukubwa wa punje ya mahindi.

"Ni hii."

"Umejuaje?"

"Inaniangalia vibaya."

Akaiweka kwenye kijidroo cha dashibodi pamoja na kalamu na peremende, nayo ikakaa humo miaka.

Alama yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na kitone cheupe katikati na vimistari vifupi vinavyotoka kila upande, kama buibui mdogo aliyekanyagwa. Tulipofika nyumbani alikata kipande cha selotepu, ile pana ya kufungia katoni, akakibandika kwa nje na kukikandamiza kwa kidole gumba kwa muda mrefu, kama mtu anayezuia damu.

"Kidonda kinafunikwa," alisema. "Vumbi ikiingia kitaoza."

Nilimwambia kioo hakiozi. Akaniuliza nimesomea vioo lini.

Aliipa alama ile jina, akaiita Mgeni, kwa sababu ilikuja bila kualikwa na kukaa mbele. Akawa na mchezo wake. Tukiwa safarini alifumba jicho moja na kumwongoza Mgeni juu ya vitu vya nje kwa kusogeza kichwa. Mgeni amepanda ng'ombe. Mgeni amekaa kichwani kwa polisi, nyamaza, usicheke, anatuangalia. Mara nyingine mwendo wa saa nzima ulipita hivyo, mimi nikiendesha na kusikiliza habari za Mgeni.

Kituo chake kikubwa kilikuwa Got Asego. Aliyewahi kuingia Homa Bay anakijua kilima hicho. Kimesimama peke yake karibu na mji, kimechongoka juu, kama omena iliyomwagwa chini kutoka kwenye debe. Tulipokikaribia alinyamaza, akafumba jicho, akamweka Mgeni juu kabisa ya ncha.

"Mgeni amefika," alisema.

"Mpe kiti," nilijibu.

Basi. Baada ya hapo alianza kuhesabu magunia na kuniambia tutaanza kwa mama gani pale ziwani. Tulisema maneno hayo kila tulipoingia Homa Bay. Lakini mimi sikumwona Mgeni juu ya kilima hata mara moja. Kutoka kwenye kiti cha dereva alama ile ilianguka kwenye nyasi za kando ya barabara, au kwenye mabati ya watu. Nilijibu kwa kumwamini tu.

Kabla ya mazishi ndugu zangu waliliosha gari ili liwe safi kwa msafara wa kumleta nyumbani. Walifanya kwa upendo. Walifagia ndani, wakatoa magamba ya omena yaliyokaa chini ya viti, wakamwaga kila kitu cha kijidroo cha dashibodi. Niligundua jioni. Nilienda nyuma ya zizi pale walipomwaga uchafu, nikaipata kalamu, nikapata makaratasi ya peremende. Kokoto za kijivu zilikuwa nyingi. Nilisimama na tatu mkononi nikijaribu kuona ni ipi inaniangalia vibaya. Hakuna iliyoniangalia. Nikazirudisha chini.

Wakati wa msafara, shangazi yangu alitaka kukaa mbele. Ni dada yake baba, sisi tunamwita waya, na heshima yake ni ya kiti cha mbele. Nilimwomba akae nyuma. Hakusema kitu siku hiyo kwa sababu ya msiba. Alisema baadaye.

Tulimzika Ijumaa, upande wa nyumba ambao kwetu huzikwa mke. Baada ya siku zilizotakiwa, dada zake walikuja kutoka Kegonga, nguo zake zikagawanywa kama inavyofanywa. Mmoja alichukua leso, mwingine masweta na viatu vya kanisani. Sikuzuia. Ni haki yao na nguo zikikaa sandukuni zinaliwa na nondo. Lakini walipoondoka nilizunguka nyumbani na kuona kwamba hakuna kitu kilichobaki ambacho mkono wake ulikiweka mahali na hakijasogezwa na mtu mwingine. Kilikuwepo kimoja tu, na kilikuwa kipande cha selotepu kwenye kioo cha gari.

Sasa lazima nieleze jambo la ndoto.

Kwetu, mwanamume akifiwa na mke, wamama wakubwa humuuliza kama ameshamwota. Kumwona akipita au akiita kwa mbali hakutoshi. Anatakiwa aje kitandani, kama mke anavyokuja kwa mume wake. Akija hivyo amekuaga, nawe uko huru kulala kwenye nyumba za watu, kwenda ukweni, hata kuoa ukitaka. Asipokuja bado amekushika. Wengi kanisani wanasema hayo yamepitwa na wakati, na mchungaji wetu aliniambia nisiyasikilize. Waya hakumuuliza mchungaji. Aliniuliza mimi, akiwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe.

"Amekuja?"

"Bado, waya."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitupa jiwe la maharagwe uani. "Labda huli vizuri. Mtu mwenye njaa huota chakula."

Nilianza kula vizuri. Nilianza kulala mapema. Nililala upande wake wa kitanda, nikarudi upande wangu, nikalala katikati. Nasema ukweli, sikuwa nataka kuachiliwa. Nilitaka aje tu, kwa njia yoyote, hata kama kuja huko ndiko kuondoka. Na nasema mapema ili msomaji asingoje bure: mpaka leo hajaja.

Nilirudi kazini kwa sababu omena haimngojei mtu. Nilienda na kurudi siku hiyo hiyo, nisilale nje. Kiti cha kushoto nilikiacha wazi. Mwanzoni sikukusudia. Kila aliyetaka kukaa nilijikuta nimemfungulia mlango wa nyuma. Kehancha kuna mama mmoja anayenunua kwangu tangu zamani, mdomo wake ni mkali lakini roho yake ni safi. Siku moja aliomba nimsogeze mpaka barabara kuu. Nikamwonyesha nyuma, kati ya magunia.

"Nikae na samaki? Na hii kiti ya mbele umewekea nani, rais?"

Nikasogeza gunia moja kumpa nafasi.

Akanitazama, akaelewa, akapanda nyuma. Tukiwa njiani akasema, "Pole, baba. Lakini nikifika nyumbani paka zote za Kehancha zitanifuata, ni wewe utazilipia maziwa." Nilicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

Mwezi wa Februari mwaka huu, alama ilianza kutembea. Siku hiyo gari lilikuwa limesimama juani Homa Bay tangu asubuhi, kioo kimekuwa cha moto usiweze kukigusa, kisha mvua kubwa ikatoka ziwani ghafla. Niliingia ndani ya gari kujikinga. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Kutoka chini ya selotepu mstari mwembamba ulikuwa umechomoza, ukielekea juu.

Fundi wangu wa magari Migori aliuangalia akapiga mluzi. Akaniambia mstari ule ukikimbia mpaka ukingoni, kioo chote kitang'olewa. Kung'oa kioo si jambo kubwa. Watu wanabadilisha kila siku. Mimi nilirudi nyumbani nikiendesha polepole sana, nikikwepa kila shimo, na nyuma yangu watu wakipiga honi.

Tangu hapo kila mtu alikuwa na dawa. Sokoni Kehancha walizunguka gari kama wanamwangalia mgonjwa. Mmoja alisema nipake rangi ya kucha. Mwingine akasema dawa ya meno. Yule mama mwenye mdomo mkali akamwambia, "Dawa ya meno? Kwani hiyo gari itauma mtu?" Kijana mmoja wa bodaboda akataka kunisaidia hapo hapo na gundi ya viatu, akanyoosha mkono kubandua selotepu. Nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Akasema, "Sawa, mzee, sawa." Niliondoka bila kumaliza kuuza.

Waya naye aliuona mstari. Alikuja kuomba mahindi, akasimama mbele ya gari akiwa ameweka mikono kiunoni.

"Hii iliwekwa na nani?"

"Na yeye."

"Basi umeona. Nguo zimeenda, vyombo vimeenda, hii umebaki umeishika. Atakujaje kukuaga na wewe umemshika hapa? Toa kioo chote. Weka kipya. Atakuja wiki hiyo hiyo."

Alizungumza bila ukali. Anaamini hivyo na anataka nipone. Nilikaa na maneno yake siku nyingi. Niliyapima kama mtu anavyopima kitu kwenye mizani: upande huu ndoto, upande huu alama. Kama angeniahidi kwa hakika, pengine ningetoa kioo. Lakini waya hakuweza kuahidi, na alama ilikuwepo, niliiona kila asubuhi nikiingia garini. Na mstari nao ulikuwa unatembea. Nilikuwa nauwekea kidole kila jioni. Mwanzoni ulikuwa haufiki kiungo cha kwanza. Baadaye ulikipita.

Ndipo niliposikia kwamba Homa Bay kuna fundi wa vioo anayeziba alama bila kutoa kioo. Anafanya kazi chini ya turubai kando ya barabara, karibu na kituo cha mafuta. Nilienda siku ya Jumatatu baada ya kuacha magunia matupu ziwani.

Fundi alikuwa mtu wa Kisii, wa miaka kama arobaini, mwenye mikono midogo na maneno mengi. Tulizungumza Kiswahili. Sikuwa nimezungumza Kiswahili na mtu kwa muda mrefu nje ya kuuza na kununua, na mwanzoni sauti yangu ilinishangaza. Aliinama akaangalia, akapima mstari kwa kidole chake kama nilivyokuwa napima mimi.

"Una bahati, mzee. Ingekuwa wiki ijayo ningekwambia ukatafute kioo kingine. Nani aliweka hii tepu?"

"Mke wangu."

"Mwambie asante. Alama ikikaa wazi vumbi na maji vinaingia, dawa haishiki. Hii yake itashika."

Nikasema nitamwambia.

Akatoa kisanduku chake. "Nikimaliza hutajua ilikuwa wapi. Itapotea kabisa."

"Isipotee."

Aliinua kichwa. "Unasema?"

"Nataka isitembee. Lakini isipotee. Ibaki mahali ilipo, mtu akikaa pale aione."

"Mzee, watu hunilipa isionekane. Ikionekana wanarudi kunigombeza. Sasa wewe ukirudi utanigombeza kwa nini, kwamba nimefanya kazi nzuri sana?"

"Ndiyo," nikasema.

Alinitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka. Sikumweleza, naye hakuuliza. Alisema tu, "Sawa. Nikuambie ukweli basi. Hata nikiringa namna gani, haipotei yote. Panabaki kidoa, kama tone la maji lililokauka. Mimi husema inapotea kwa sababu wateja wanapenda kusikia hivyo. Kidoa kinakutosha?"

Nikamwambia kinanitosha.

"Basi niibandue tepu."

Nilimwomba anisubiri. Nilitaka kubandua mwenyewe. Nilishika ukingo wa selotepu kwa kucha. Nilikuwa nimefikiria kwa siku nyingi kwamba kwa ndani, pale kwenye gundi, nitaona alama ya kidole gumba chake, ile mistari ya ngozi, kwa jinsi alivyoikandamiza. Nilikuwa nimekuja na bahasha safi ya kuiwekea. Lakini selotepu ilikuwa imeliwa na jua. Haikubanduka kama kipande. Ilikatika vipande vipande kama ganda la kitunguu, vingine vikasagika vidoleni. Niliangalia kila kipande kwenye mwanga. Kulikuwa na gundi ya manjano na unywele wa vumbi. Kidole hakikuwepo.

Fundi alikuwa ameshika kitambaa, ananingoja, anaangalia barabarani ili asiniangalie.

"Malizia," nikamwambia.

Alifanya kazi vizuri. Alisafisha kidonda kwa sindano nyembamba, akapuliza, akabandika juu yake kipampu kidogo chenye miguu ya mpira, akaweka dawa ya maji iliyo kama asali nyepesi. Alizungusha kipampu taratibu, kunyonya hewa kwanza, kisha kusukuma dawa. Nilikuwa nimekaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa. Niliona vile vimistari vya buibui vikijaa kimoja kimoja na kupotea, na ule mstari mrefu ukifuata, kuanzia chini kwenda juu, kama kamba inayovutwa na kuingizwa shimoni. Nilisimama. Nilitaka kumwambia aache. Sikumwambia. Aliweka taa yake ya buluu juu ya pale, tukangoja, akaniambia habari za mtoto wake anayekataa kula mboga. Mwisho akakwangua kwa wembe na kupangusa.

"Njoo uone."

Kwa nje, kutoka niliposimama, palikuwa laini. Hapakuwa na kitu. Nadhani uso wangu ulibadilika, kwa sababu alisema haraka, "Hapana, mzee, si hapo. Ingia ndani, upande wa abiria. Huko ndiko utakiona."

Alifungua mlango wa kushoto na kuushikilia. Hakujua. Kwake kilikuwa kiti tu. Nilisimama kidogo, kisha nikaingia na kukaa.

Mke wangu alikuwa mfupi, na kiti alikuwa amekivuta mbele kabisa. Magoti yangu yaligonga dashibodi. Fundi alisema kuna wenzo chini wa kukirudisha nyuma. Nikamwambia najua, na nikakiacha kilivyo. Nilitafuta kidoa. Sikukiona mahali nilipokuwa natazama, kwa sababu nilikuwa natazama kwa urefu wangu. Kilikuwa chini zaidi. Nilikipata nilipoinamisha kichwa: kitone kidogo cheupe, kimezungukwa na wingu la ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Mgeni alikuwa hapo. Amekonda, lakini yupo.

"Kinakusumbua machoni?" fundi akauliza.

"Siwezi kujua gari likiwa limesimama."

Nilimpa ufunguo. Alifikiri nataka kupima kazi yake barabarani, na ni kweli nilitaka kupima, kwa hivyo sikumdanganya. Aliingia upande wangu, akasogeza kiti changu mbele kidogo, akatia gari moto. Tulitoka kwa barabara ya Rongo mpaka nje ya mji, pale penye nafasi ya kugeuza, akageuza, tukaanza kurudi kama watu wanaoingia Homa Bay kutoka safari. Aliendesha vizuri, akiongea kuhusu breki zangu.

Kilima kikatokea. Nilijaribu kumpeleka Mgeni pale nikashindwa. Alikaa chini sana, kwenye nyumba za watu, kama alivyokuwa siku zote nikimwangalia kutoka upande wa pili. Basi nikajishusha. Nilitelezesha mgongo kwenye kiti mpaka magoti yakabanwa na dashibodi na kichwa changu kikawa mahali ambapo kichwa chake kilikuwa kikikaa. Nikafumba jicho moja. Mgeni akapanda kutoka kwenye nyumba, akapita miti, akapita miamba ya ubavuni, akasimama juu ya ncha ya Got Asego, na alitosha pale kabisa, kama aliyekatiwa kipimo.

"Mgeni amefika," nikasema.

Fundi alinitazama mara moja, kisha akaangalia barabara. Tulienda kidogo.

"Mgeni yupi, mzee?"

Nilibaki vile vile, nimejishusha, jicho moja limefumbwa, mpaka barabara ilipokunja na kilima kikaondoka mbele ya kioo. Kisha nikaketi sawa na kumwambia breki nitazirekebisha wiki hii.